Maswali ya Wasomaji: Ndala Zilizo Chini ya Kitanda na Barua Nyingine Kuhusu Magendo ya Gerezani

Toleo lililopita tuliandika kwa kifupi juu ya vitu vilivyokatazwa gerezani, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, karibu zote kutoka Arusha na Moshi. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaficha kwa makusudi, na tumeondoa kila jambo ambalo lingemwezesha mtu kuwatambua wao au ndugu zao walio ndani.

Swali: Mwandishi wetu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Sakina, nauza mboga soko la Kilombero. Mwanangu wa pili yuko mahabusu Kisongo na kesi yake bado inatajwa tu. Wiki iliyopita kijana nisiyemfahamu alinifuata kwenye meza yangu, akasema ametumwa na mwanangu, akaniachia ndala mpya nimpelekee siku ya kumwona. Nilipozishika nikaona moja ni nzito kuliko mwenzake. Siku ya mahakama mwanangu alininong'oneza kwamba nisipozipeleka atapigwa. Nimeziweka chini ya kitanda na usingizi sipati. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo mama. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninakuomba usizipeleke.

Pale langoni askari hamtafuti aliyenunua ndala wala aliyezipasua; anamshika aliyezibeba. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inalifanya tendo la kumwingizia mfungwa au mahabusu kitu kilichokatazwa kuwa kosa la jinai, na ikiwa ndani ya soli hiyo kuna bangi au unga, utaingia pia katika sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, ambayo adhabu zake ni kali na haimwonei huruma mtu kwa sababu ni mama. Kijana aliyekuletea anajua hayo vizuri, na ndiyo maana hakuzipeleka mwenyewe.

Usizifungue, usizitupe jalalani ambako mtoto ataziokota, na usimrudishie aliyezileta. Leo hii tafuta wakili au msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Nenda naye, pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa wako, mkazikabidhi ndala hizo kituo cha polisi, ueleze zilivyokufikia, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulikuja mwenyewe kabla ya kukamatwa.

Baada ya hapo omba kuonana na mkuu wa gereza au afisa anayeshughulikia ustawi, ana kwa ana, ofisini, si kwa kupaza sauti langoni ambako masikio ni mengi. Mwambie kwamba mwanao anatishiwa. Mkuu wa gereza anaweza kumhamishia bweni jingine bila kutangaza sababu, na usalama wa kila mtu aliye ndani ni wajibu wake. Ukiona siku zinapita na hujasikilizwa, iandikie Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kuingia magerezani na kuchunguza malalamiko.

Naona pia kuna swali ambalo hukuliandika, ingawa limejaa katikati ya mistari: kwa nini mwanangu anifanyie hivi? Mama, sidhani kama amekufanyia kwa kupenda. Nimewatembelea mahabusu kwa miaka mingi kama msaidizi wa kisheria, na hadithi hii huanza karibu kila mara kwa namna moja. Kijana anaingia usiku, ameshuka kwenye karandinga na nguo alizovaa tu. Hana sabuni, hana ndala, hana mtu anayemjua. Mwenzake mwenye uzoefu anampa kipande cha sabuni, kesho yake sigara mbili, keshokutwa nafasi nzuri ya kulala, na kila kitu kinasemwa ni undugu. Wiki ya pili undugu unageuka kuwa hesabu. Sigara mbili zimekuwa nne, nne zimekuwa nane, na kwa kuwa hakuna fedha taslimu, sigara yenyewe ndiyo fedha. Deni likishakuwa kubwa kiasi cha kutolipika, mdai anauliza swali alilokuwa amelingoja tangu mwanzo: nyumbani kwenu yupo nani anayekuja kukuona?

Hapo ndipo ndala zinapotoka, na ndiyo sababu nasema kwa uzito wote kwamba magendo ya gerezani huanzia kwenye deni kabla ya kufika langoni. Tukizungumzia mashine na mbwa na kuta ndefu bila kugusa deni hilo, tunafunga dirisha na kuacha mlango wazi. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo ni kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, katika kanuni ya 18 zinataka kila mfungwa apewe maji na vifaa vya usafi vinavyohitajika kwa afya yake. Watu huliona hilo kuwa jambo la huruma. Mimi naliona kuwa pia ni jambo la ulinzi, kwa sababu gereza linalompa kila anayeingia sabuni usiku ule ule wa kwanza limemnyang'anya mkopeshaji mtaji wake. Kwa upande wako, unapokwenda kumwona mwanao, peleka sabuni na vitu vingine vinavyoruhusiwa kwa kadiri ya uwezo wako, umevinunua mwenyewe, umevifunga mwenyewe, na umeviandikisha langoni kwa jina lake.

Kuhusu ule uzito ulioushtukia, mkono wako haukukosea. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisubiri zamu nje ya lango la gereza moja, na askari mmoja wa kike, mtu mzima, alikuwa akikagua mizigo juu ya meza ya mbao. Alichukua ndala kutoka kwenye mfuko wa binti mmoja, akaipima mkononi, akaikunja mpaka kisigino kikagusa ncha, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa soli, kisha akaisogeza puani. Akasema, bila kukasirika, "Hii inanuka gundi ya fundi, na ndala ya dukani hainuki hivi." Ndani mlikuwa na laini mbili za simu na tumbaku iliyokandamizwa ikawa bapa kama biskuti. Binti yule alilia akisema kwamba alipewa tu abebe, na huenda alisema kweli, lakini alichukuliwa.

Swali: Naishi Pasua, Moshi. Mume wangu amefungwa katika gereza ambalo sitalitaja. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona pamoja na binti yetu wa miaka sita. Nyuma ya pazia niliamriwa nivue nguo zote na kuchuchumaa mbele ya wanawake wengine watatu, mtoto akiangalia. Sikuwa na kitu chochote. Tangu siku hiyo mtoto hataki kusikia habari za kwenda kumwona baba yake. Je, hiyo ndiyo sheria?

Jibu: Pole sana, dada, na umpe pole binti yako.

Askari ana haki ya kumpekua mgeni. Hilo halina ubishi, na pasipo upekuzi gereza haliwezi kuendeshwa. Lakini haki hiyo ina mipaka. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo msingi wake uliwekwa Geneva mwaka 1955 na ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha upya Desemba 2015 na kuzipa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27, zinalieleza jambo lako karibu neno kwa neno. Kanuni ya 60 inasema kwamba mgeni hupekuliwa kwa ridhaa yake, na kwamba anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote, ingawa uongozi nao unaweza kumkatalia kuingia. Inasema pia kwamba upekuzi wa wageni usiwe wa kuwadhalilisha, kwamba upekuzi wa ndani ya mwili uepukwe, na kwamba usifanywe kamwe kwa watoto. Wafungwa wenyewe wanalindwa na kanuni za 50 hadi 52: kumvua mtu nguo ni jambo la mwisho kabisa, hufanywa faraghani, na watumishi wa jinsia yake waliofundishwa kazi hiyo. Ikiwa mfungwa aliyehukumiwa ana ulinzi wa namna hiyo, wewe uliyekuja na bakuli la chakula na mtoto mkononi huwezi kustahili kidogo kuliko hapo.

Kuna neno katika kanuni ya 51 ambalo ningependa wasomaji walishike: kumbukumbu. Kila upekuzi wa kumvua mfungwa nguo au wa ndani ya mwili, na kila upekuzi wa selo, unapaswa kuandikwa, pamoja na sababu yake, jina la aliyeufanya na kilichopatikana. Naamini daftari la namna hiyo lingewafaa wageni pia, kwa maana daftari ni mlinzi wa pande zote mbili. Linamlinda mgeni dhidi ya askari anayetumia upekuzi kutisha au kudai kitu kidogo, na linamlinda askari mwadilifu anayesingiziwa. Tena linafundisha. Likisomwa mwisho wa mwezi, mkuu wa gereza ataona kama kuwavua nguo wanawake mia kumemletea chochote, au kama vitu vyote vilivyokamatwa vilipatikana kwenye mizigo, kwenye soli na kwenye vyombo vya chakula.

Wakuu wa magereza huniambia kwamba hawana mashine, na ni kweli kwamba zile za kupiga picha ya mwili mzima bila mtu kuvua nguo ni ghali. Hata hivyo, faragha haihitaji mashine. Chumba chenye mlango badala ya pazia, mtu mmoja kwa wakati mmoja, benchi la nje ambapo mtoto anakaa na bibi au jirani mliyekuja naye, na kifaa cha mkononi cha kutambua chuma, hayo yanawezekana Moshi na yanawezekana popote.

Andika barua kwa mkuu wa gereza hilo, taja tarehe na saa, eleza yaliyotokea bila matusi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ya pili ipeleke kwenye Tume niliyoitaja hapo juu. Kuhusu binti yako, usimlazimishe. Mwombe baba yake amwandikie barua kwanza. Mawasiliano na familia ni miongoni mwa mambo yanayomsaidia mfungwa kurudi uraiani akiwa mtu, na gereza linalowafukuza watoto kwa aibu linajiongezea kazi yake lenyewe.

Swali: Mimi ni fundi simu hapa Ngarenaro, Arusha. Kila siku wateja wangu wanapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na inasemekana baadhi yake zinatumwa kutoka gerezani. Kwa nini wasifunge mtambo wa kukata mawimbi na mambo yakaisha?

Jibu: Kama fundi utanielewa haraka: mawimbi hayajui ukuta wa gereza unaishia wapi. Mtambo wenye nguvu ya kunyamazisha simu zote mabwenini unaweza kunyamazisha pia simu ya mama mjamzito anayeishi jirani na ya askari anayeita msaada wakati wa moto. Kisongo kuna makazi ya watu, na uwanja wa ndege wa Arusha uko huko huko. Nchini Marekani, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 imeyazuia magereza ya majimbo kutumia mitambo hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu ya hofu za namna hii. Gereza la Parchman katika jimbo la Mississippi lilianza mwaka 2010 kutumia njia nyingine: mnara mdogo unaozinasa simu zote zilizo ndani ya eneo la gereza na kuziruhusu zile tu zilizosajiliwa kwa uongozi. Njia hiyo ni nzuri zaidi, ila ina gharama kubwa na inahitaji makubaliano na kila kampuni ya simu.

Sisi tuna kitu ambacho hatujakitumia vya kutosha. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo kuanza kuzimwa Januari 2020, kila laini inayofanya kazi ina jina la mtu. Basi laini inayokutwa ndani ya soli au ndani ya mche wa sabuni ni mwanzo wa uchunguzi: imesajiliwa kwa jina la nani, na mwenye jina hilo anajua? Mara nyingi hajui. Ni mtu aliyebonyeza kidole mara mbili kwa wakala wa barabarani aliyemwambia kwamba mara ya kwanza haikusoma. Waambie wateja wako wabonyeze *106# waone ni laini ngapi zipo kwa majina yao, na ujumbe wa kitapeli wautume kwenda 15040. Wewe mwenyewe akija mtu anayetaka simu ndogo kuliko zote, isiyo na chuma kingi, na hataki risiti, una haki ya kutomuuzia.

Jambo la pili ni lile lile la uhitaji. Si kila simu iliyofichwa bwenini ni ya tapeli; zipo zinazokodishwa kwa dakika ili mtu asikie sauti ya mkewe, na zinakodishwa kwa bei mbaya, nalo ni deni jipya. Uingereza wameweka simu za mezani ndani ya selo katika magereza mengi, ambapo mfungwa hupiga namba zilizoidhinishwa tu na mazungumzo yanaweza kurekodiwa. Si lazima sisi tufike huko kesho. Simu moja ya halali kwa kila eneo, yenye foleni na daftari, ingemharibia biashara mkodishaji.

Nchi hiyo hiyo inapambana sasa na ndege zisizo na rubani zinazodondosha mizigo madirishani, hata ikabidi kuanzia tarehe 25 Januari 2024 kupiga marufuku kuzirusha ndani ya mita 400 za magereza yake yasiyo ya wazi. Kwetu bado mzigo unarushwa kwa mkono juu ya ukuta, au unaachwa porini.

Swali: Nimestaafu kazi ya askari magereza, naishi Moshi. Mnawasema sana ndugu wa wafungwa. Semeni pia ukweli kwamba vitu vingine vinaingizwa na sisi wenyewe, na vingine huingia na vikosi vya kazi za nje.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa uaminifu wako. Tunayasema.

Mama wa Sakina anapekuliwa mpaka kwenye kilemba, na mtumishi anapita na mkoba wake kwa salamu tu. Maadamu hali ni hiyo, mwenye fedha atamtafuta mtumishi na hatahangaika na mama. Kila anayevuka lango apekuliwe, kuanzia mkuu hadi mpishi, wakili na mchungaji, na zamu za langoni zibadilishwe bila kutangazwa, ili asiwepo mtu wa kupangiwa bei. Anayedai au kutoa hongo kwa jambo hili yuko chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya TAKUKURU, 113, hupigwa bure. Naongeza kwamba askari mwenye madeni yuko katika hatari ile ile ya mahabusu mwenye madeni. Kiongozi anayejua hali za watu wake atamwona kabla mnunuzi hajamwona.

Kuhusu kazi za nje, hata wewe ungeweza kutufundisha. Kikosi kinapokwenda shambani au kuni, kifurushi kinaweza kuwa kimelazwa kichakani tangu alfajiri, na njia ni ile ile kila siku. Kubadilisha njia, kulikagua eneo kabla wafungwa hawajafika, na kuwapekua wanaporudi na mizigo yao ya kuni, ni kazi ya nusu saa. Na katika karakana, kwa mfano za viatu kama ile ya gereza la Karanga huko Moshi, visu, sindano na gundi vihesabiwe kwa majina asubuhi na jioni, kila kimoja kikiwa na mahali pake palipochorwa ukutani ili pengo lionekane kabla ya mlango kufungwa.

Swali: Niko kidato cha nne, Arusha. Baba yangu ni mahabusu na ana pumu. Naweza kumpelekea dawa yake ya kuvuta na kitabu?

Jibu: Mwanangu, dawa usimpe baba mkononi, na usiifiche hata kama ni ya halali, maana ikikutwa imefichwa itaonekana kama magendo. Ipeleke ikiwa ndani ya boksi lake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina lake, useme langoni kwamba ni ya zahanati ya gereza. Kanuni ya 67 ya kanuni nilizozitaja inaacha uamuzi wa dawa iliyoingia na mfungwa kwa daktari wa gereza, nalo ni jambo jema, kwa kuwa sasa yupo mtu anayejua kwamba baba yako ana pumu hata usiku usipokuwepo.

Kitabu kinakubalika mahali pengi, ila uliza kwanza. Kisiwe na jalada gumu wala kurasa zilizogandishwa, na usiweke chochote katikati yake, hata picha. Scotland, tangu Desemba 2021, barua za wafungwa hutolewa nakala na nakala ndiyo hupewa mfungwa, kwa sababu karatasi zilikuwa zikilowekwa dawa za kulevya. Basi usishangae askari akikipekua kitabu chako ukurasa kwa ukurasa. Andika jina la baba na idadi ya kurasa kwenye ukurasa wa kwanza, mwombe askari aandike hivyo hivyo katika daftari la vitu vilivyopokelewa, na siku utakayokwenda tena mwulize baba amefika ukurasa wa ngapi.